Kilifi Haina Haja ya Apocalypto Yake

Muvi nyingi huzeeka upesi, lakini Apocalypto ya Mel Gibson imekataa. Ilitoka Desemba 2006, na hadi leo inazunguka kwenye flashi na simu za vijana wa Bofa, Kilifi. Bado inaonyeshwa kwenye vibanda vya video, mabenchi yamebanana na turubai limeshushwa mlangoni ili mwanga usiharibu picha. Wala si vijana pekee wanaoisifu. Walimu wa historia huitaja, wahubiri huitaja, na wasomi wanaokuja ufuoni Jumapili kupunga upepo chini ya mivinje huizungumzia kwa heshima wasiyoipa filamu nyingine yoyote ya mapigano.

Ni ya kweli, wanasema. Haikuwaremba Wamaya wa kale wakawa malaika wa msituni. Iliwaachia lugha yao. Haikumtuma Mzungu kuja kuwa shujaa katikati ya hadithi ya watu wengine, kama ilivyozoeleka Hollywood. Na juu ya yote imethubutu kusema lile ambalo wengi hawapendi kulisikia: kwamba hata kabla mgeni hajatia nanga, wenyeji walikuwa wakiwindana, wakiuzana na kuchinjana wao kwa wao. Kutoka hapo hitimisho huja lenyewe. Pwani nayo ina magofu, ina msitu, ina bahari, ina vita. Basi apatikane mtu wa kuitengenezea yake. Magofu ya Gede yajazwe watu, wavamizi Wazimba waingie usiku, damu imwagike, na kila mtu aseme Kiswahili cha kale na Kigiriama.

Rai hii haitoki kwa wajinga, na si haki kuicheka tu. Inatoka kwa watu waliochoshwa na vitabu vya shule vinavyoigeuza pwani kuwa orodha ya miaka ya kukariri, na matangazo ya utalii yanayoigeuza kuwa leso, madafu na machweo. Wanataka wazee wao wawe na mwili, hasira na makosa. Kiu hiyo ni halali. Kisima walichokichagua ndicho chenye sumu.

Kwanza: lugha iliyogeuzwa cheti

"Wanazungumza Kimaya chenyewe" ndiyo hoja inayotangulia zote, nayo hutolewa kana kwamba kesi imekwisha. Ni kweli, maneno ya filamu ni Kimaya cha Yucatán, lugha inayosemwa mpaka sasa na mamia ya maelfu ya watu nchini Mexico. Lakini hadithi ilitungwa na Gibson na mwenzake Farhad Safinia, kisha ikatafsiriwa, na waigizaji wakuu wakafundishwa kuyatamka maneno. Rudy Youngblood, anayecheza kama shujaa wa filamu, Jaguar Paw, ni Mmarekani wa Texas. Gibson alikuwa ameshaujaribu ujanja huu mwaka 2004 katika The Passion of the Christ, ambamo watu walisema Kiaramu na Kilatini. Mtazamaji akisikia lugha asiyoijua, hulegea. Huamini na kila kitu kingine anachoonyeshwa.

Kwenye vibanda vya Kilifi hoja hii ina kichekesho cha ziada. Muvi nyingi za nje hutazamwa zikiwa zimetiwa sauti na DJ, ambaye husimulia, huwabatiza wahusika majina ya mtaani na kuwachokoza watazamaji kwa Kiswahili na Sheng. Penye DJ, lugha ya filamu huzikwa yote chini ya sauti yake, na hakuna anayedai arudishiwe kiingilio. Kwa hiyo kuna watu wanaousifu uhalisi wa lugha ambayo hawajawahi kuisikia hata sentensi moja nzima. Wanachokisifu ni habari kwamba lugha hiyo imo.

Na ikisikika, inasema nini? Inatania, inatisha, inalia, inaomba huruma. Wamaya walikuwa na maandishi yao wenyewe, yenye alama mia kadhaa, waliyoyachonga kwenye mawe na kuyaandika vitabuni karne nyingi kabla ya Mhispania wa kwanza kuzaliwa. Katika hadithi ya Gibson, kuandika hakuna kazi. Lugha imepewa koo, haikupewa kalamu.

Pili: "ukweli mtupu" wa zama nne

Hapa ndipo watetezi hujiamini zaidi, kwa kuwa filamu ilikuwa na mshauri: Richard Hansen, mwanaakiolojia aliyechimba miaka mingi El Mirador, kaskazini mwa Guatemala. Lakini kuwa na mshauri si hirizi. Utazame ule mji anamopitishwa Jaguar Paw na wenzake wakiwa wamefungwa kwenye magogo. Michoro ya ukutani imeazimwa San Bartolo, nayo ni ya kama mwaka 100 kabla ya Kristo. Vibarua weupe pepepe kwa vumbi la chokaa wametokana na maelezo ya Hansen kuhusu kuporomoka kwa El Mirador mnamo karne ya 2: kwamba misitu ilimalizwa kwa kuchoma chokaa ya kusiribia mahekalu. Piramidi zile zilizochongoka ni za mtindo wa Tikal, karne ya 8. Halafu siku chache baadaye, katika hadithi ile ile, merikebu za Wahispania zinatia nanga. Hizo ni za karne ya 16.

Nguzo ya mwisho yenye tarehe kule Tikal ilisimamishwa mwaka 869. Msafara wa kwanza wa Wahispania ulifika pwani ya Yucatán mwaka 1517. Katikati kuna miaka 648. Gede ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 17; mtu akitengeneza filamu ambamo watu wa Gede wanamiminika msikitini Ijumaa, na Jumamosi gavana wa Kaunti ya Kilifi anawasili na msafara wa magari, atakuwa amekosea kwa miaka mia nne, na watoto wa Watamu watamzomea. Gibson amekosea kwa zaidi ya hiyo, akaitwa mkweli.

Kuna na lile tukio la jua kupatwa. Kafara inasimamishwa kwa sababu giza limeingia mchana. Usiku unaofuata, msitu unaangazwa na mwezi mpevu. Jua hupatwa mwezi unapoandama, si wakati mwingine. Mvuvi yeyote wa Bofa, hata asiyejua kusoma, atasema kwamba kati ya bamvua la mwezi mwandamo na bamvua la mwezi mpevu lazima maji mafu yapite, na wiki mbili hazirukwi kwa usiku mmoja. Kosa ni dogo. Linalolikuza ni kwamba anayedhihakiwa pale ni umati wa Wamaya, unaotetemeka na kupiga mayowe kwa jambo lisilojulikana, huku makuhani wakiutumia ujinga wake. Kitabu cha Dresden, kimoja kati ya vinne vya Kimaya vilivyosalia duniani, kina majedwali ya kupatwa kwa jua. Watu hao wamefanywa washamba wa anga na mtu ambaye mwenyewe hakutazama kalenda ya mwezi.

Tena kijiji cha Jaguar Paw kinaishi kwa uwindaji, kana kwamba shamba halijabuniwa. Wamaya walikuwa wakulima wa mahindi, na imani yao yenyewe ilisema binadamu aliumbwa kwa unga wa mahindi. Shamba la mahindi linapoonekana katika filamu ni lenye mabua makavu, na shujaa analipita mbio akiokoa roho yake. Sima inayosongwa kila jioni Bofa imetokana na zao lililoanza kulimwa Mexico maelfu ya miaka iliyopita, likavushwa bahari baada ya 1492. Kazi ya vizazi vya wakulima inayoilisha Kilifi hadi leo imetengewa sekunde kadhaa, moyo unaopiga kiganjani ukapewa dakika.

Tatu: damu na shahidi wake

Hakuna mwanahistoria makini anayekana kwamba Wamaya walitoa kafara za watu. Michoro ya Bonampak, ya karibu mwaka 790, inaonyesha mateka wakivuja damu vidoleni mbele ya mfalme. Chichén Itzá kulikutwa mwaka 1967 tangi la chini ya ardhi lenye mabaki ya watoto zaidi ya 100. Vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa 2024 vilionyesha kuwa wote 64 waliopimwa walikuwa wavulana. Jambo hilo linatisha, na lisipunguzwe.

Ila lipimwe. Tangi lile lilitumika kwa karne kadhaa. Mateka wa Bonampak walitekwa vitani, na mara nyingi waliotolewa mbele ya wafalme wa Kimaya walikuwa watu wenye vyeo, kwa kuwa heshima ya mshindi ilitegemea ukubwa wa aliyeshindwa. Gibson anapandisha wanakijiji kwa foleni, moyo baada ya moyo, vichwa vikibiringika ngazini, na nje ya mji ametandaza shimo kubwa lililojaa maiti zisizo na vichwa. Shimo la namna hiyo halijapatikana popote katika nchi ya Wamaya. Uchinjaji wa foleni umeazimwa kwa Waazteki, watu wengine, wa lugha nyingine, wa mji ulio mbali sana upande wa magharibi. Kwa mtengenezaji huyu, wote ni Wahindi Wekundu wale wale. Watu wa pwani wanaijua tabia hii vizuri kuliko wanavyokiri: mgeni wa hoteli ya Malindi huonyeshwa Mmasai akirukaruka mchangani, akarudi kwao akisimulia ngoma za pwani.

Lakini jambo zito zaidi ni lile la ushahidi. Sehemu kubwa ya simulizi maarufu kuhusu kafara za Yucatán inategemea maandishi ya padri mmoja wa Shirika la Mtakatifu Fransisko, Diego de Landa. Huyu ndiye aliyewatesa Wamaya ili wakiri kuabudu sanamu, na tarehe 12 Julai 1562, katika mji wa Maní, akachoma moto vitabu vyao pamoja na maelfu ya sanamu. Aliitwa Hispania kujieleza, na huko, miaka michache baadaye, akaandika kitabu kuhusu mila za watu aliowachomea vitabu. Aliyeteketeza maktaba ndiye akabaki kusimulia yaliyokuwamo. Filamu inayojigamba kwa ujasiri wake wa kuonyesha ukatili wa zama zile ilikuwa na moto huu mkononi, na Wamaya halisi wakilia mbele yake. Haikuutaka.

Nne: "walijimaliza wenyewe"

Filamu inafunguliwa kwa maneno ya mwanahistoria wa Marekani Will Durant, aliyoyaandika kuhusu Roma, yenye maana kwamba adui wa nje humkuta mwenyeji ameshajimaliza. Maneno hayo yamekuwa kipenzi cha wahubiri na wanasiasa. Yakiwekwa mbele ya hadithi ya Roma ni rai ya kujadiliwa. Yakiwekwa mbele ya hadithi ya Wamaya, ni hukumu inayosomwa kabla ya ushahidi.

Ukweli haufuati mkondo huo. Ndui iliingia Mexico mwaka 1520 na kuua watu ambao hawakuwahi kumwona Mhispania. Haikutoka ndani. Na mji wa mwisho huru wa Wamaya, Nojpetén, uliokuwa kisiwani katika ziwa la Petén Itzá, ulianguka Machi 1697. Kutoka 1517 hadi 1697 ni miaka 180. Huo ni uoza wa ajabu, unaosimama imara mbele ya mizinga kwa karibu karne mbili.

Wala hawakuisha. Lugha za Kimaya ziko takribani 30, zenye mamilioni ya wasemaji. Rigoberta Menchú, Mmaya wa kabila la K'iche', alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1992. Nchini mwake, Guatemala, vita vya 1960 hadi 1996 viliua au kupoteza watu zaidi ya 200,000, na tume ya ukweli iliyosaidiwa na Umoja wa Mataifa iliripoti mwaka 1999 kwamba asilimia 83 ya wahanga waliotambuliwa walikuwa Wamaya, na kwamba sehemu kubwa mno ya uhalifu huo ilifanywa na dola. Miaka saba baada ya ripoti hiyo, dunia ikaletewa filamu ya kuonyesha kwamba hatari kubwa kwa Mmaya ni Mmaya mwenziwe.

Gede nayo imesimuliwa hivyo hivyo, kama mji uliomezwa na msitu kwa usiku mmoja, wenye siri na mashetani. Aliyeuchimba kati ya 1948 na 1958, James Kirkman, aliukuta na visima vilivyoongezwa kina, vyombo vya Kichina, shanga, misikiti, na kaburi lenye tarehe inayolingana na 1399. Hapo pana watu waliohangaika na maji kupungua, wakawa na maadui kutoka bara, wakahama. Walihamia kwa jamaa zao, na Uswahili wao ukahama nao. Lakini kuhama hakuuzi tiketi.

Anayeona haya yote ni mabishano ya vitabuni, na aifikirie Shakahola. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, na miili zaidi ya 400 ikatolewa: watu wazima na watoto waliofuata mahubiri ya kufunga hadi kufa. Tuseme mgeni anakuja na pesa zake, anatengeneza saa mbili za Shakahola pekee, anaziita picha ya Kilifi, anawasemesha waigizaji Kigiriama safi, na dakika ya mwisho anapitisha meli ya kigeni upeo wa macho. Kila tukio moja moja litakuwa na ushahidi wake. Na Bofa yote, pamoja na wale wanaoisifu Apocalypto, itasimama na kusema huo ni uongo: wako wapi waliokwenda kuripoti, wako wapi jamaa waliosafiri kutoka kaunti nyingine kutafuta ndugu zao, iko wapi mahakama, wako wapi wengine wote walioamka siku hiyo wakaenda baharini au shambani? Madai hayo yatakuwa ya haki kabisa. Mmaya naye anayo.

Tano: merikebu ufuoni

Watetezi werevu zaidi hukimbilia mwisho wa filamu. Wahispania wanafika, wanasema, lakini muziki ni wa kutisha, na Jaguar Paw anageuka na kurudi msituni na familia yake; kwa hiyo Gibson hakuwasifu. Tuwakubalie kwamba hakuwasifu. Hata hivyo, katika zaidi ya saa mbili, kila tone la damu ya mtu limemwagwa na Mmaya au mnyama wa msituni. Mhispania hajaua hata nzi. Tena kuwasili kwake ndiko kunakomwokoa shujaa, maana wawindaji wake wawili wanaduwaa mbele ya mashua zenye msalaba na kumsahau. Huhitaji muziki wa shangwe kumfanya mtu mwokozi. Inatosha afike wakati unaofaa.

Kuduwaa kwenyewe ni uzushi. Mwaka 1502, katika safari yake ya nne, Columbus alikutana karibu na visiwa vya Honduras na mtumbwi mkubwa wa biashara, unaodhaniwa kuwa wa Wamaya, umepakia nguo, vyombo vya shaba na kakao. Bahari ile ilikuwa na wenyewe.

Pwani ya Kenya inapaswa kulijua hili bila kuambiwa. Vasco da Gama alipofika Malindi Aprili 1498 alikuta vyombo kutoka India vimetia nanga. Hakuna aliyeanguka kifudifudi mchangani. Sultani alipiga hesabu zake, akakumbuka uhasama wake na Mombasa, akabadilishana zawadi na mgeni, mwishowe akampa rubani wa kumfikisha Calicut. Uamuzi ule uliigharimu pwani sana: mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipora Kilwa, kisha akaichoma Mombasa. Lakini ulikuwa uamuzi wa mtu mwenye siasa, ushindani na tamaa, na mgeni alimkuta katikati ya shughuli zake. Mtu wa namna hiyo Apocalypto haina pa kumweka. Ndani yake kuna mawindo na wawindaji, na kuna mfalme mnene aliyelewa mamlaka.

Sita: "Ni muvi tu"

Hili husemwa na wale wale waliotangulia kusema ni historia ya kweli. Wachague moja.

Gharama ya burudani hii ni kwamba inakinaisha. Aliyeona vichwa vikibiringika hana hamu ya ukatili unaokwenda polepole. Mfano wake uko jirani: barabara ya Mombasa kwenda Malindi inapita katikati ya mistari mirefu ya mkonge wa Vipingo, na mkonge ni mgeni kutoka Mexico. Uliingia Afrika Mashariki mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipoagiza miche 1,000 kutoka Florida na 62 tu ikapona. Huko Yucatán kwenyewe, katika karne ya 19, jamaa ya mmea huo ilitajirisha mabwana wa mashamba makubwa, na vibarua wao walikuwa Wamaya waliofungwa kwa madeni, deni la baba likimwangukia mwana. Wamaya waliasi mwaka 1847, na vita vile viliendelea zaidi ya nusu karne. Katika kaunti ambamo uskwota ni neno la kila siku, hadithi ya watu waliofanywa vibarua kwenye ardhi ya babu zao ingeeleweka bila DJ. Ila silaha yake ni daftari la madeni, na daftari halirushi damu kwenye kioo cha kamera.

Saba: "na sisi tupate yetu"

Wanaotaka Apocalypto ya pwani hawajui kwamba imeshaandikwa. Mwandishi wake ni João dos Santos, mmisionari Mreno wa Shirika la Mtakatifu Dominiko, na ilichapwa mwaka 1609. Ndimo alimosimulia Wazimba wakipanda kutoka Zambezi, wakiingia Kilwa kwa hiana ya mwenyeji mmoja mnamo 1587 na kula watu 3,000, kisha wakiimaliza Mombasa mwaka 1589. Miaka ile dos Santos alikuwa kwenye nchi za Sofala na Zambezi, Kilwa hakuwako. Hesabu ya walioliwa imekaririwa tangu hapo kana kwamba aliyeitoa alishika orodha ya majina.

Kinachokaririwa kwa uvivu zaidi ni kilichotokea Mombasa. Wazimba walipofika kwenye kivuko, kisiwa kilikuwa tayari kinashambuliwa na manowari za Tomé de Sousa Coutinho, aliyetumwa kutoka Goa kumng'oa Mturuki Mir Ali Bey. Wazimba walivuka kwa ridhaa ya Mreno huyo. Watu waliokimbilia majini kuwakwepa Wazimba walizikuta mashua za Wareno. Miaka minne baadaye Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus. Na waliowavunja nguvu Wazimba, nje ya Malindi, walikuwa Wasegeju, ambao leo ni wachache wanaowataja. Mpe hadithi hii mtengenezaji mwenye njaa ya kuwa Gibson wa Kilifi, uone atakachokibakiza: usiku, mapanga, sufuria.

Wala asiseme mtu kwamba anayepinga haya anaogopa damu. Mwaka 1614 Hasan bin Ahmad, sultani wa ukoo wa Malindi aliyekuwa amehamishiwa Mombasa na Wareno wenyewe, alitofautiana na kapteni wa ngome, akakimbilia bara kwa watu wa huko. Wareno wakawahonga hao hao wenyeji wake, wakamuua, na kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe mdogo, Yusuf, naye akapelekwa Goa, akalelewa na mapadri wa Shirika la Mtakatifu Augustino, akabatizwa jina la Dom Jerónimo, akajifunza ubaharia na vita, kisha akarudishwa Mombasa awe mfalme wa kutii. Agosti 1631 aliingia Fort Jesus na watu wake, akamchoma kisu kapteni Pedro Leitão de Gamboa, akaiteka ngome, akarudia Uislamu na kuwaua Wareno waliokataa kumfuata. Kikosi kilichotoka Goa kuja kumwadhibu kilishindwa. Mwaka uliofuata akaiacha ngome mwenyewe, akawa haramia, na kufa katika Bahari ya Shamu mnamo 1638.

Hapo pana kila kitu: yatima, kisasi, dini mbili, kisu, baharini na nchi kavu, na shujaa aliyewachinja pia wasio na hatia, kiasi kwamba hakuna mtu mwaminifu atakayemtengenezea sanamu bila kusitasita. Kigiriama, Kiswahili, Kireno na Kiarabu vyote vingepata kazi. Lakini filamu ya Yusuf bin Hasan haiwezi kuanza na kijiji chenye furaha msituni na kuishia na merikebu ufuoni. Inabidi merikebu ziwepo tangu picha ya kwanza, na mtu wa kwanza kukatwa kichwa awe amekatwa kwa fedha iliyotoka kwenye sanduku la kapteni.